Blanketi Chini ya Mbeleko

Kila Jumanne asubuhi, kabla sijafungua dirisha la chanjo, natundika mizani kwenye boriti ya baraza, naipiga kofi dogo ili mshale urudi kwenye sifuri, halafu naita jina la kwanza. Akina mama wa kijiji chetu, nje kidogo ya Mpui, wanaujua utaratibu kuliko mimi. Wanawavua watoto makoti na kofia, wanawavisha kaptula ya mizani, wanawaning'iniza. Mtoto analia, mimi nasoma kilo, naandika kwenye kadi. Anayefuata.

Jumanne ile ya Julai nilikuwa nimefika kwa mtoto wa tisa.

"Faith Zenon."

Mama yake, Modesta, alimtoa kwenye kaptula, na badala ya kumrudisha mgongoni akamsimamisha sakafuni. Akarudi nyuma hatua tatu, akachuchumaa.

"Nesi, usiandike kwanza. Tazama."

Faith alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alinyoosha mikono mbele, akacheka, akatembea. Kila mguu wa kushoto ulipokanyaga, mwili wote ulilalia upande ule, bega likashuka, tumbo likatangulia. Kisha akajikusanya, akauvuta wa kulia, akalala tena kushoto. Hatua tano. Akaangukia kifuani kwa mama yake.

Baraza zima likacheka.

"Huyo bata!"

"Bata gani? Huyo ni Mzee Urbano anatoka kilabuni."

"Mwacheni jamani, kalewa maziwa ya mama yake."

Modesta alicheka kuliko wote, hadi machozi. "Ameanza Jumapili, tunatoka kanisani," alisema. "Nikasema simwambii mtu, mpaka Nesi aone mwenyewe."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya kadi. Haikushuka.

*

Mwaka uliotangulia, mwishoni mwa Juni, Modesta alimleta Faith akiwa na siku arobaini na mbili. Mimi nilikuwa na miezi minne kazini. Nilitoka nyumbani kwetu Tukuyu, nikapita chuoni, nikapangiwa Ufipa, na bado kila nilipotaka kuingia chumba cha mganga mfawidhi nilikohoa mara mbili nje kabla ya kubisha. Wagonjwa walikuwa wakiniambia, "Nesi, sema kwa sauti, hapa si kitubio." Wakicheka, nami nazidi kupungua.

Nilimlaza Faith mezani, nikamkunja magoti, nikayafungua mapaja yake taratibu kama tulivyofundishwa. La kulia lilifunguka kama kitabu. La kushoto lilikataa, kisha likakubali ghafla, na chini ya kidole changu cha kati kitu kikaruka. Hapakuwa na mlio wowote chumbani. Kidole ndicho kilichosikia. Nikarudia, kikaruka tena. Faith hakulia. Alikuwa ananitazama huku akichezea ulimi wake.

Nilijua ni nini. Kichwa cha mfupa wa paja hakikuwa kimekaa kwenye kikombe chake cha nyonga. Nilijua hata dawa yake: barua ya rufaa, kisha mikanda laini inayoishika miguu ya mtoto ikiwa imekunjwa na kupanuliwa kama ya chura, kwa wiki kadhaa, angali mchanga. Swali hilo lilikuwa kwenye mtihani wangu wa mwisho. Nililipata.

Nilikwenda kwa Baltazari, mganga wetu mfawidhi. Alikuwa na foleni ndefu ya vikohozi, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Kaka Baltazari, kuna mtoto pale. Nyonga yake..."

"Ina nini?"

"Imelegea."

"Imelegea, au inatoka?"

Aliuliza swali sahihi kabisa. Wagonjwa watatu waliokuwa kwenye benchi wakageuka kunitazama. Nikahisi masikio yangu yakipata moto.

"Imelegea kidogo tu," nikasema.

"Kidogo itakaza. Hawa wanabebwa mgongoni, Suma. Haya, fungua mlango unapotoka, aingie mwingine."

Mwalimu wetu chuoni naye alisema jambo kama hilo. Mbeleko inapanua mapaja ya mtoto, inausukuma mfupa mahali pake, ndiyo maana kwetu ugonjwa huu ni nadra. Alisema nadra. Hakusema haupo. Kutoka mlango wa Baltazari hadi mezani kwangu ni hatua kama kumi na tano, na katika hatua hizo nililigeuza neno la mwalimu likawa dawa.

"Mama Faith," nilimwambia Modesta, "mtoto hajambo. Ila mbebe sana. Mgongoni, kila saa. Shambani, jikoni, kisimani, usimlaze laze."

"Kwa nini, Nesi?"

"Ni vizuri kwa miguu."

Akacheka. "Dawa yenyewe ndiyo hiyo? Basi huyu nitambeba mpaka siku ya kuolewa."

Kwenye rejista, palipoandikwa hali ya mtoto, nilijaza neno moja: nzuri.

Na alimbeba. Dirisha la chumba changu linatazama njia ya mashambani, na mwaka mzima nilimwona akipita, ndoo kichwani, jembe begani, mtoto mgongoni. Wenzake waliwalaza watoto kwenye magunia pembeni mwa shamba la ulezi wakapalilia wakiwa wepesi. Yeye alikataa. Walimtania kwamba ameota nundu. "Mimi nina amri ya Nesi," aliwajibu, na akinipita dirishani alijigeuza kidogo ili niione ile nundu yake. Nami nilimpungia mkono.

Alipotimiza miezi mitatu nilimlaza Faith tena mezani, nikamkunja magoti, nikafungua. Hakuna kilichoruka. Nilirudia mara nne, kimya. Paja la kushoto lilikuwa gumu kidogo kufunguka, lakini kile kitu kilikuwa kimekwisha. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya simtangi la maji ya mvua, nikamshukuru Mungu huku nikilia. Baada ya siku hiyo sikuigusa tena nyonga ya Faith. Nilimpima uzito, nikamdunga chanjo, nikamsifu mama yake.

*

"Mama Faith," nilimwambia Jumanne ile, baraza lilipokwisha kuwa tupu. "Inabidi twende mjini. Mimi nitakusindikiza."

"Kufanya nini? Si anatembea?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya anavyotembea."

Alinitazama, kisha akamtazama Faith aliyekuwa akivuta kamba ya mizani. Kicheko chake hakikuondoka mara moja. Kiliondoka polepole, kama mtu aliyesahaulika kwenye mlango.

Alhamisi tulikuwa Sumbawanga, hospitalini. Daktari Alphonce, daktari wa mifupa, alikuwa amekuja mjini kwa wiki moja tu. Walimpiga Faith picha ya eksirei, na daktari akaibandika kwenye kioo chenye taa. Hata Modesta aliona. Upande wa kulia palikuwa na duara dogo jeupe ndani ya kikombe chake. Upande wa kushoto kikombe kilikuwa kitupu, tena hakina kina, na lile duara lilikuwa juu, nje, peke yake.

Daktari alikunja ngumi akaiweka kwenye kiganja cha mkono mwingine. "Hivi ndivyo inavyotakiwa, mama. Huku kushoto ngumi imekaa huku." Akaipandisha juu ya kifundo cha mkono. "Ndiyo maana anayumba."

"Inarudishwa?"

"Tunajaribu. Angekuja kabla ya miezi sita, ningemvalisha mikanda. Mikanda tu, kama ya begi la shule. Wiki nane, kumi, mara nyingi inatosha, na mama anaendelea kunyonyesha nyumbani kwake. Wakati huo umepita. Sasa ni kwenda Mbeya. Watamlaza kwa dawa ya usingizi, watauvuta mfupa na kuurudisha, halafu watamfunga plasta."

"Hogo," alisema Modesta.

"Hogo, ndiyo. Kuanzia hapa kifuani hadi kwenye vifundo vya miguu yote miwili, miguu imepanuliwa. Miezi mitatu, pengine zaidi. Mfupa ukikataa kurudi, watafungua kwa kisu. Akivuka mwaka mmoja na nusu, mara nyingi kinakuwa kisu tu, na hata kisu hakirudishi kila kitu."

"Na nikimwacha hivi hivi?"

"Atatembea. Mguu mmoja utakuwa mfupi. Na kabla hajawa mtu mzima sawasawa, nyonga itaanza kumuuma, na haitaacha."

Modesta alilamba midomo. Daktari alikuwa akiandika, bila kutuangalia. "Alipokuwa mchanga hakuna aliyemkagua nyonga?"

"Kliniki sijakosa hata mwezi mmoja," Modesta alisema. "Muulize Nesi."

Wote wawili wakanigeukia.

"Ni kweli," nikasema. "Hajakosa."

Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

"Wakati mwingine mkaguzi anasikia mfupa ukiruka mwanzoni," daktari aliendelea, akiiambia ile picha, "halafu baada ya miezi michache hausikiki. Watu wanadhani umepona. Kumbe umekaa nje kabisa, umezoea huko." Akaizima taa. "Huwa unambebaje huyu, mama?"

Modesta akachangamka. Tangu asubuhi hili lilikuwa swali la kwanza analolijua jibu lake. "Hapo sasa! Hapo mimi ndiye bingwa. Ngoja nikuoneshe."

Alitandika kitandani blanketi la kijivu lenye mistari miwili myekundu. Akamlaza Faith katikati. Akamnyoosha miguu yote miwili, akaishikilia pamoja kwa mkono wa kushoto, akakunja upande huu, akakunja upande ule, akapindua pindo la chini na kulichomeka kwa nguvu, mpaka mtoto akawa kama hindi ndani ya maganda yake. Kisha akainama, akamrusha mgongoni kwa ustadi ule niliouona mara mia, akamfunika mbeleko juu, akafunga fundo kifuani.

Na mbele yangu akasimama Modesta yule yule wa dirishani. Kichwa cha mtoto kikichungulia, kitenge, fundo. Hivyo ndivyo nilivyomwona mwaka mzima. Sikuwahi kuuliza kilichokuwa chini ya kitenge. Miguu ya Faith haikuwa imekikumbatia kiuno cha mama yake. Ilikuwa imeshuka wima, pamoja, kama vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba.

"Kwetu Muze kule bondeni kuna joto," Modesta alieleza, akijitikisa kidogo kumbembeleza mtoto. "Tunabeba bila blanketi, miguu nje. Huku juu mama mkwe ndiye aliyenifundisha blanketi, alisema upepo wa huku utamuua mtoto. Na nikimfunga hivi hatelezi, hata nikifanya kazi kutwa nzima. Maana Nesi..." Akanitazama, akakatisha. "Maana mimi huwa nambeba kutwa nzima."

"Kutwa nzima," daktari akarudia.

"Kutwa nzima, tangu mchanga."

Daktari aliweka kalamu chini. Alikuwa mpole, lazima niseme hivyo. "Mama, miguu ya mtoto mwenye nyonga kama hii ikinyooshwa na kufungwa namna hiyo, mfupa unazidi kusukumwa nje. Hukujua. Usijilaumu."

Nilimwona Modesta akiipokea ile sentensi ya kwanza. Zile nyingine mbili hazikumfikia. Mkono wake ulipanda kwenye fundo la kifuani, ukahangaika nalo, ukashindwa kulifungua. Mimi ndiye niliyelifungua.

Safari nzima ya kurudi alimpakata Faith kwa mbele, mikono miwili chini yake, kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji hadi ukingoni.

"Ni bahati mbaya tu, Mama Faith," nilimwambia.

"Kila siku, Nesi. Na nilikuwa nakaza. Nikiona pamelegea, nakaza."

"Si kosa la mtu."

"Ni la mtu." Aliinua vidole vyake kidogo, bila kumwachia mtoto. "Hii mikono ya nani?"

Nilitazama nje dirishani. Nyasi za tambarare zilikuwa zimekauka, upepo umezilaza zote upande mmoja. Maneno yalikuwa mdomoni. Niliyahesabu, hayakuzidi matano. Tulipofika nilimwambia akamkande mtoto kwa maji ya vuguvugu asipate mafua.

*

Daktari Alphonce alikuwa amepiga simu Mbeya mbele yetu. Faith alitakiwa kulazwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi Zenon, mume wa Modesta, alipita zahanati. Alivua kofia, akaniwekea mezani ile barua ya rufaa, ikiwa imekunjwa mara nne.

"Mama Faith hataki," alisema.

"Hataki nini?"

"Hataki kwenda. Nimesema naye, nimenyamaza naye. Hataki." Akavaa kofia yake, akatoka.

Nilifunga chumba saa sita, nikaichukua barua, nikawafuata kwao. Walikuwa wakipura ulezi uani. Zenon alikuwa akipiga masuke kwa gongo, na mama yake, Bibi Monika, akipepeta kwenye ungo, makapi yakipeperuka hadi kwenye mikaratusi. Modesta alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko. Faith alikuwa kwenye mkeka, mbali naye kiasi cha mkono mmoja. Nilipoingia mtoto aliinuka, akamwendea mama yake, akilala kushoto, akijikusanya, akilala kushoto. Modesta alimpokea kwa ncha za vidole, kwa nguo, akamketisha pale pale.

"Shikamoo, Bibi."

"Nani huyo?"

"Ni Nesi, mama," alisema Zenon.

"Marahaba. Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yangu yameshastaafu. Karibu. Umekuja kulikamata blanketi langu?"

"Hapana, Bibi."

"Maana nasikia mjini wamesema limemvunja mtoto. Blanketi lile limelea tisa. Wa kwanza huyo hapo." Akamwonyesha Zenon kwa ungo. "Ana nyonga za ng'ombe wa kulimia."

"Mama."

"Nasema uongo? Blanketi halina kosa. Sisi tulifunga asubuhi penye baridi. Jua likitoka tunafungua, mtoto anatupa miguu huku na huku, anajinyea, anafurahi. Huyu mkwe wangu hakumwachia hata saa moja. Asubuhi mgongoni, mchana mgongoni, kama ameambiwa kuna mashindano. Nilimwambia, mshushe mtoto apumue. Hakusikia. Watu wa Muze ni wabishi, hata ukiwaleta juu kwenye hewa nzuri."

Sikuwa nimelijua hilo. Kumbe desturi ya Bibi Monika ilikuwa na mlango wake, na kila siku jua lilipotoka mlango ulifunguliwa. Aliyeufunga ni mimi, kwa maneno mawili: kila saa.

Modesta hakuinua kichwa. Sentensi moja ingemtosha, Nesi ndiye aliyeniambia. Hakuisema Alhamisi mbele ya daktari, hakuisema kwa mumewe, na sasa alikuwa akiuacha ulimi wa mama mkwe umpitie kama mvua.

"Hajambeba tangu juzi," Zenon aliniambia, taratibu. "Nambeba mimi. Akilia namfuata mimi, yeye anamnyonyesha kwa kuegemea tu. Huko Mbeya si ni yeye atakayelala naye? Miezi mitatu? Atafanyaje?" Aliliegemea gongo lake. "Kwa hiyo nimesema basi. Anatembea. Si vizuri, lakini anatembea."

Niliketi karibu na Modesta, kwenye kinu kilicholazwa. Faith alichukua mfuko wangu akaanza kuuchunguza.

"Mama Faith, Jumatatu ikipita, nafasi nyingine hatujui lini. Daktari alikuambia kuhusu mwaka na nusu."

"Nilisikia."

"Hogo si baya. Watakufundisha kumgeuza. Utamwekea nepi ndogo kwa ndani, utamlisha akiwa ameegemea mto..."

"Nesi, niache."

"Nitakuja kukuona."

"Nani atamgeuza? Mimi?" Alisema polepole, bila hasira, kama anayeeleza jambo kwa mtoto. "Ulinikuta nina mtoto mzima. Uliniambia mwenyewe, mtoto hajambo. Nikamchukua mzima nikamnyoosha kila siku mpaka mfupa ukatoka. Nikimgusa tena nitavunja pengine. Afadhali awe hivyo alivyo, kilema nakijua kimefika wapi."

"Si wewe."

"Usiniambie si mimi. Daktari alisema, na wewe ulikuwepo."

"Ni bahati..."

"Usiniambie bahati mbaya."

Upepo ukaleta makapi ya ulezi, yakatuangukia kwenye nywele. Faith alikuwa ameipata barua ya rufaa ndani ya mfuko wangu na alikuwa akiitafuna pembeni. Niliitazama ile mikono ya Modesta. Ilikuwa imewekwa chini ya mapaja yake, ameikalia.

Nikainama hadi sikioni mwake.

"Nilisikia," nikanong'ona.

"Ulisikia nini?"

"Mfupa. Siku ya arobaini na mbili. Ulikuwa unatoka. Haukuwa mzima. Nilijua, nikaona haya kumwambia Baltazari sawasawa. Nikakuambia umbebe."

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake ikikatika, ikaanza tena. Alimtazama Faith. Akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani, akishuka, hadi kwenye kile kiguu cha kushoto kilichopinda kwa nje juu ya mkeka. Kisha akanigeukia, na machoni mwake hapakuwa na kitu ninachoweza kukiita kwa jina. Ningekuwa nimefurahi kama ningeona hasira.

"Mikanda tu," alisema, kwa sauti ndogo. "Kama ya begi la shule."

"Ndiyo."

"Anasemaje huyo?" Bibi Monika aliita kutoka uani, ungo umesimama hewani. "Mbona mnanong'ona? Anasemaje?"

Zenon naye alikuwa ameacha kupura.

Modesta alifumba macho, akayafumbua.

"Anaaga, mama," alisema.

Alikuwa amenifungulia njia. Kama vile Alhamisi, kama vile mwaka mzima, alinipitisha mbele ya watu nikiwa msafi. Nilisimama. Nikafunga vifungo vya sweta yangu, kimoja kimoja. Kutoka mlangoni mwa jiko hadi kwenye njia ya zahanati ni hatua kama kumi na tano, na nilijua ninavyoweza kuzitumia. Bibi Monika alikuwa tayari amelirudisha jicho kwenye ungo. Nilijua pia kwamba lolote nitakalosema halitausogeza ule mfupa hata unene wa ukucha, na kwamba Jumatatu Modesta anaweza kukataa vile vile, kwa sababu nyingine, iliyo mbaya zaidi: kwamba hana tena wa kumwamini.

Nilitembea hadi katikati ya uwanja wa kupuria, nikakanyaga ulezi wao.

"Bibi, bado sijaaga," nikasema, na kuku wakashtuka, kwa maana sauti ile sikuwa nimewahi kuitoa kifuani mwangu. "Nasema hivi. Nyonga ya mtoto huyu ilikuwa inatoka akiwa na siku arobaini na mbili. Niliisikia kwa mkono wangu huu. Dawa yake niliijua, na sikusema, kwa sababu niliona haya. Nikamwambia Modesta ambebe kila saa, sikumwambia kwa nini, wala sikumtazama anavyomfunga. Yeye alinitii. Mikono iliyomharibu Faith si yake. Ni yangu."